Mrejesho: Yule mtoto mwenye ualbino darasani kwangu

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi uliopita niliomba ushauri: nafundisha darasa la kwanza, nilipokea mtoto wa kike mwenye ualbino, na wenzake walikataa kushikana naye mikono michezoni wakidhani rangi yake inaambukiza.

Wengi mlisema niwaambie ukweli kwa lugha ya kitoto. Nilianza kwa kuongea na mama yake, kisha naye mwenyewe, maana sikutaka kumfanya kielelezo mbele ya darasa bila ridhaa. Nikawaketisha wote mkekani, nikawaeleza kwamba miili yetu hutengeneza rangi iitwayo melanini, na wapo wanaozaliwa nayo kidogo sana, hali waliyoirithi kwa baba na mama wote wawili. Haiambukizi. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo jua linamuumiza?" Nikamjibu ndiyo, ndiyo maana anavaa kofia na mikono mirefu. Kesho yake huyo huyo alimwita wakacheze rede chini ya mwembe, kivulini. Nililia, siwafichi.

Kosa langu lilikuwa jingine: nilidhani ni mzito wa kusoma, kumbe haoni ubao! Nimemsogeza mbele, mbali na mwanga wa dirisha, naandika herufi kubwa, na mwalimu mkuu amekubali avae kofia hata mstarini. Sasa silabi anazisoma vizuri.

Kuna mzazi mmoja bado anataka mwanawe ahamishwe dawati. Nimemwita shuleni Ijumaa.