Mjadala: Ni haki kumzuia mwanafunzi kufanya mtihani kwa deni la serikali?

Kijana wa Njoro: Wadau, habari za jioni. Nina hoja moja na naomba tusiikwepe. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha umma magharibi mwa Kenya. Aliwekwa bendi ya 3 (serikali hupanga wanafunzi kwa bendi tano kulingana na kipato cha nyumbani), yaani ufadhili wa serikali asilimia 50, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, 30, nyumbani 20. Ile 20 yetu tuliimaliza kabla masomo hayajaanza, risiti zipo. Juzi akafungua potali achapishe kadi ya mtihani, akakuta maandishi mekundu: una salio. Kwenye taarifa ya karo malipo ya baba yapo na tarehe yake. Chini yake ufadhili sifuri, mkopo sifuri. Karani wa fedha anamwambia lipa kwanza, serikali ikileta utarudishiwa. Mtihani ni Jumatatu! Hii ni sawa na kumshusha abiria aliyelipa nauli kwa sababu kondakta hajampelekea mwenye gari hesabu. Nauliza: haki iko wapi hapo?

Mama Faraja, Nakuru: Pole sana, mwanangu. Hakuna haki. Huyo mtoto hana mkono kwenye hazina ya serikali. Wamdai aliye na deni.

Mhasibu Kakamega: Nimefanya kazi idara ya fedha ya chuo, acha niwaeleze. Mkopo wa HELB una sehemu mbili. Ya karo hutumwa chuoni moja kwa moja, ya matumizi humfikia mwanafunzi mwenyewe. Ya karo ikichelewa, chuo bado kinadaiwa umeme, maji na mishahara. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma wiki nyingi wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Chuo kisipobana mahali, kitafungwa. Na tuambiane ukweli, watu wetu wa huku magharibi kwenye matanga wanachinja ng'ombe wawili, hema na jenereta wiki nzima. Ikifika karo ndipo serikali inakumbukwa.

Nyar Kano: Mhasibu, hapo kwa matanga umenigusa pabaya. Mimi nimemzika baba mkwe wangu na nina watoto wawili chuoni. Daftari la michango ninalo hapa mezani. Mia mbili, mia tano, mia moja, mwingine ameandikiwa debe la mahindi. Hizo hazikuwa pesa zangu za karo. Zililetwa na watu kwa sababu nami niliwachangia wao. Nikienda kwa watu wale wale na barua ya chuo, nani atafungua mfuko? Usiongee juu ya vifo vya watu usivyovijua.

Fundi wa Kondele: Lakini dada, si hapo ndipo penye shida? Tunachangia maiti, aliye hai tunamwambia ajipange. Mimi nasimama na Mhasibu. Kwetu Nyalenda nimeona jamaa wakikodi basi mbili kusindikiza mwili, na mtoto wa marehemu aliacha chuo mwaka wa kwanza kwa kukosa pesa ya hosteli.

Mwalimu wa Mumias: "Watu wetu wa huku magharibi." Maneno ya aina hii yanatuumiza. Nimefundisha Kakamega na nimefundisha Molo, hakuna kabila lisilotumia pesa kwenye sherehe. Wengine ni ruracio, yaani sherehe ya mahari, wengine ni kutahiri. Mhasibu, ungetaja chuo chako na deni lake ukaachana na ng'ombe za watu.

Kijana wa Njoro: Jamani, mtihani. Ng'ombe hawajaingia kwenye taarifa ya karo.

Mhasibu Kakamega: Mwalimu, mimi mwenyewe ni wa huku, nimezaliwa Shinyalu. Ninasema kwa uchungu. Nimekaa dirishani pale nikaona mzazi anaomba barua ya kuahirisha karo, na Jumamosi hiyo nikamkuta mazishini ndiye mwenyekiti wa kamati, anatangaza bajeti kwa kipaza sauti.

Nyar Kano: Mzazi mmoja! Na sisi wengine uliotuona tukiuza kuku hukutuandika?

Boda wa Bahati: Mimi kinachoniuma ni hizi bendi. Bendi ya 5 ni ya nyumba inayoingiza zaidi ya 120,000 kwa mwezi, na mzazi analipa asilimia 40. Mimi naendesha pikipiki, nyumba ya kukodi. Binti yangu kawekwa bendi ya 5 kwa sababu alisoma sekondari ya kibinafsi. Alilipiwa na kanisa! Jirani ana ploti mbili Pipeline, wake yuko bendi ya 2.

Mama Faraja, Nakuru: Kata rufaa, baba. Kwenye ukurasa wake wa ufadhili kuna sehemu ya kuomba bendi ipitiwe upya. Weka barua ya kanisa iliyoonyesha walilipa karo, na ya chifu. Usimwachie binti ajaze peke yake, watoto wanaona haya kuandika kwamba baba ni wa boda.

Fundi wa Kondele: Si korti ilifuta huo mfumo mzima?

Mwalimu wa Mumias: Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha katiba, Jaji Chacha Mwita, Desemba 2024. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Rufaa, mwaka uliofuata hukumu ikasimamishwa. Ndiyo maana bendi ziliendelea.

Mstaafu wa Ahero: Enzi zetu karo ya masomo ilikuwa 16,000 kwa mwaka na tulisoma mpaka tukamaliza. Vijana wa sasa wanataka kila kitu.

Kijana wa Njoro: Mzee, shikamoo, lakini hapo hapana. Mlilipa 16,000 kwa sababu serikali ilibeba mzigo uliobaki na mkopo juu. Mdogo wangu anakaanga mandazi hosteli usiku ili anunue karatasi za kuchapisha kazi. Anataka kila kitu gani? Na karo iliyopunguzwa Septemba 2025, kati ya 5,000 na 75,000 kwa muhula kulingana na kozi, haimsaidii kama sehemu ya serikali bado haijaingia.

Mstaafu wa Ahero: Marahaba. Sikumsema mdogo wako. Nimesema vijana.

Mzazi Mpya, Bungoma: Samahani kwa kuingilia. Wangu anaripoti mwaka wa kwanza. Alilipa 1,500 za KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo, kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, nikadhani ndiyo ya kujiunga. Sasa barua ya chuo ina usajili, kitambulisho, matibabu, maktaba, chama cha wanafunzi, na nyingine inaitwa pesa ya tahadhari. Zote ni za kila muhula?

Mama Faraja, Nakuru: Karibu, dada. Ile 1,500 ni ya kuchagua kozi, haihusiani na chuo. Usajili na kitambulisho kwa kawaida ni mara moja, matibabu na chama ni za kila mwaka au muhula, angalia safu ya kulia kwenye barua. Tahadhari ni dhamana, anarudishiwa akimaliza ikiwa hajaharibu kitu wala kupoteza kitabu, kwa hiyo tunza risiti miaka yote. Ukilipa karo, namba ya akaunti ni namba yake ya usajili, herufi na mikwaju (/) yote jinsi ilivyoandikwa. Na asitokee mtu kukuambia utume kwa simu yake "akuharakishie".

Fundi wa Kondele: Mzazi wa Bungoma, na huko kwenu matanga mnachinja wangapi?

Mzazi Mpya, Bungoma: Mimi nimeuliza karo, kaka.

Nyar Kano: Fundi, unamkaribisha mgeni kwa matusi?

Kijana wa Njoro: Leo amepeleka barua kwa msajili, akaambatanisha karatasi ya HELB inayoonyesha mkopo ulishaidhinishwa. Wameipiga muhuri, kadi bado imefungwa. Mhasibu, wewe umekaa ndani. Nani hasa mwenye kuifungua?

Mhasibu Kakamega: Msajili hawezi. Ni fedha, kwa idhini ya bosi wao. Mwambie Ijumaa asubuhi mapema aende kwa mkuu wa idara ya masuala ya wanafunzi kwanza, aombe ahadi ya malipo iliyosainiwa, aipeleke dirishani mwenyewe, asiiache kwa katibu. Waambie na wenzake walio katika hali hiyo waende pamoja, wakiwa wengi chuo hutoa tangazo moja kwa wote. Nyar Kano, wewe na mimi hatujamalizana.

Nyar Kano: Nipo. Anza na yule mwenyekiti wako wa kamati, alikuwa na salio la shilingi ngapi?