Msaada: strlen inanihesabia herufi zisizokuwepo

Nusukaratasi: Wakuu, habari zenu. Siku ya tatu hii sipati usingizi. Naandika programu kwa C, inapokea jina na kuhesabu herufi zake. "José" ni herufi 4, kila mwenye macho anaona. strlen, ile ya C ya kupima urefu wa maandishi, inaniambia 6. Kompaila yangu ni mbovu? Kazi inatakiwa kesho kutwa.

Chelewa_Kulala: Achana na C mkuu, hamia Python 3, yenyewe haihesabu baiti. Mimi nilihama na sijajuta.

FundiBaiti: Kompaila haina kosa. strlen haijui herufi. Inahesabu baiti, zile namba ndogo ambazo kompyuta huhifadhia maandishi, mpaka ikutane na baiti ya sifuri, basi. Kwenye UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti, a hadi z ni baiti moja moja, é huwa mbili, emoji nyingi ni nne. Majina unayatoa wapi, na hesabu ni ya nini?

Nusukaratasi: Ni kuhesabu tu. Nimeshaandika strlen(jina) - 2 na José inatoka 4. Nauliza tu kama ni salama.

FundiBaiti: Ijaribu kwa "Asha".

Nusukaratasi: Imetoa 2. Lakini nitaweka sharti, nitoe 2 kwa wenye alama tu.

Mama_Wawili: Hesabu hizi zilinitoa jasho. Nilituma SMS ya herufi 150, najua mwisho ni 160, ikaenda vipande vitatu. Kutwa nzima natafuta kosa. Kumbe kwenye "ng’ombe" nilinakili ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Iliyopinda haimo kwenye alfabeti ya biti 7 ya SMS, basi ujumbe wote ukahamia UCS-2, mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi, ambako mwisho ni 70, na ukigawanywa kila kipande ni 67. Ritifaa moja tu!

Jiwe_la_Pembeni: Samahanini, uzi huu ni wa kutunga. J, o, s ni baiti tatu. é ni C3 A9, mbili. Jumla 5. Hiyo 6 imetoka wapi? Mtu hajaendesha programu yoyote hapa.

Chelewa_Kulala: Hata mimi nilianza kuhisi. Na hizi kazi za "kesho kutwa" haziishi humu.

Nusukaratasi: Jamani situngi! Ninayo mbele yangu.

FundiBaiti: Tusimhukumu. Kama unasoma jina kwa fgets, huacha alama ya mstari mpya mwishoni, huenda ndiyo ya sita. Chapisha baiti moja moja kwa heksa (namba za msingi wa 16), ulete kama zilivyo.

Nusukaratasi: 4A 6F 73 65 CC 81

Jiwe_la_Pembeni: Nafuta kauli, niwie radhi. 65 ni e ya kawaida, na CC 81 ni alama ya mkazo, U+0301, inayokaa juu yake. Kwenye kioo huoni tofauti yoyote na é nzima. Chelewa, hata Python ingempa 5 hapo, inahesabu e na mkazo kila kimoja peke yake. Mkuu, majina haya hayakutoka kwenye majina ya faili za Mac ya zamani? HFS+, mfumo wake wa faili, huvunja herufi hivyo.

Nusukaratasi: Ndiyo. Ni picha za wanafunzi, jina la faili ndilo jina la mtu. Na kuna jambo sikulisema. Kila jina nimelikata kwenye baiti ya 20 litoshee kwenye kitambulisho, nusu ya vitambulisho vimeshachapwa. Baadhi vina almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza mwishoni mwa jina. Nilidhani ni printa.

Mama_Wawili: Mwanangu, jina la mtu halikatwi. Atakivaa shingoni mwaka mzima.

Nusukaratasi: Nafasi yenyewe ndiyo hiyo, mama. Kitambulisho nilikikuta kimeshasanifiwa.

FundiBaiti: Punguza ukubwa wa maandishi, usipunguze jina. Hiyo almasi ni herufi iliyopasuliwa: umekata kati ya CC na 81. Faili za picha bado zipo?

Nusukaratasi: Zipo, sijazigusa.

FundiBaiti: Umepona. Soma majina upya kutoka huko, uyapitishe kwenye NFC ili e na mkazo wake viwe é moja. Kisha hesabu kile ambacho msomaji anakiona kama herufi moja. Usiiandike mwenyewe, tumia maktaba iliyo tayari, ICU au utf8proc. NFC peke yake haitoshi: emoji ya familia ya watu wanne kwa macho ni moja, ndani ni alama 7 na baiti 25.

Nusukaratasi: José imetoka 4, Asha 4. Ile -2 nimeifuta. Nawapigia sasa hivi wasimamishe uchapaji.