Walimu na wazazi wa watoto wa awali, tupeane uzoefu: vituko vya darasani

Mleta mada:
Habari zenu wadau. Nafundisha chekechea, watoto wa miaka minne na mitano, na huu ni mwaka wangu wa 9. Miaka ya mwanzo sikuwa naandika chochote, nikiamini nitakumbuka. Vimepotea vingi, na roho inaniuma. Siku hizi nina daftari dogo mfukoni: mtoto akitamka jambo naliandika papo hapo, kwa maneno yake mwenyewe.

Naanza na la mwezi huu. Niliwaambia, "Kesho tutapanda mti." Asubuhi akaja mmoja ameshavua viatu, suruali kaikunja hadi magotini, yuko tayari. Nikamwonyesha mche wenyewe, haufiki hata kiunoni kwake. Akauzunguka mara mbili, akaniangalia kwa huruma: "Mwalimu, huu tukiupanda utavunjika."

Alikuwa sahihi kabisa kwa alivyolisikia lile neno. Tukauchimbia shimo pamoja, na kila siku anaenda kuupima kwa mkono aone kama umeshakuwa wa kupanda.

Karibuni, leteni vyenu.

Mwalimu wa asubuhi:
Wangu ni wa mahudhurio. Naita majina, kila mtu anaitikia "Nipo!" Nikafika kwa mtoto ambaye hakuja. Kimya. Rafiki yake wa karibu akaona jina la mwenzake linaachwa hivihivi, akapaza sauti: "Yupo!"
"Yupo wapi?"
"Kwao."

Mama wa kitinda mimba:
Mimi ni mzazi, naomba na sisi tuingie. Tulikutana na mwalimu wa mwanangu sokoni siku ya mapumziko. Mtoto akaganda, akajificha nyuma yangu, kisha akachungulia na kuuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Mwalimu, nani amekufungulia mlango?" Kumbe muda wote aliamini walimu wanalala shuleni, wanafungiwa jioni pamoja na viti na meza. Mwalimu yule alichuchumaa, akamwambia kwamba na yeye ana kwao, ana mama. Hilo la mama ndilo lililomshangaza kuliko yote. Njia nzima ananiuliza, "Mwalimu naye ana mama?"

Mleta mada:
Hahaha, huyo wa "Yupo, kwao" nimemwandika kwenye daftari langu kwa ruhusa yako.

Mfinyanzi:
Siku ya udongo. Nimegawa madonge sawasawa, nimeyapima mkononi moja moja. Mmoja analia, anataka mawili kama ya jirani yake, na jirani mwenyewe alikuwa amelikata lake katikati tu. Udongo wa ziada sina. Nikachukua donge lake nikaligawa mbele ya macho yake, nikamrudishia vipande viwili. Machozi yakakauka hapohapo, akanishukuru.

Wanaodhani tunawahadaa watoto, hapana. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyefariki 1980, alilieleza vizuri jambo hili: kabla ya miaka 7 hivi, mtoto mara nyingi hupima kwa macho. Kilichosambaa au kilichorefuka anakiona kimeongezeka. Ukimimina maji yaleyale kwenye glasi ndefu na nyembamba, atakuapia kwamba yamezidi. Jaribuni nyumbani, ila msimcheke, maana kwake ni jambo zito.

Mwalimu wa lugha:
Mimi raha yangu ni sarufi yao. Tulikuwa na kitabu cha picha, mtoto akasema, "Kiboko kimelala." Nikamrekebisha taratibu: "Kiboko amelala." Akafikiri. Akafunua ukurasa mwingine: "Na kijiko?" Kijiko kimelala. "Na kikombe?" Kikombe kimelala. Akarudi kwa kiboko, akaweka kidole juu yake: "Basi na huyu kimelala."

Jamani, huyo hajakosea hovyo. Ameigundua kanuni ya ki- na vi- peke yake, bila kufundishwa na mtu, na anaitumia kila mahali kwa uaminifu kuliko sisi watu wazima. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba chenye uhai kina njia yake. Mimi hurudia tu sentensi yake ikiwa imenyooka, sisemi "umekosea". Baada ya wiki kadhaa akaniletea mdudu kiganjani: "Mwalimu, kidudu AMElala." Alikuwa amekufa zamani, lakini upatanisho ulikuwa safi.

Baba mapacha:
Simu tu. Napiga nyumbani mchana, namuuliza mmoja, "Umekula?" Kimya. "Mwanangu, umekula?" Kimya. Nyuma namsikia pacha wake akigomba: "Baba, si anatikisa kichwa!"

Mwalimu wa wageni:
Mimi napokea watoto wapya. Wiki ya kwanza ni vilio, kila mwalimu wa awali anajua, na mara nyingi sisi watu wazima tunaishiwa maneno. Mwaka huu mmoja alilia tangu mlangoni, nimembembeleza hadi nimechoka. Akaja binti wa miaka mitano, mwenyeji wa muhula mmoja tu, akakaa chini karibu naye, akamfuta kamasi kwa mkono wa sweta yake mwenyewe.

"Mama yako atakuja. Mimi nililia, mama akaja. Siku nyingine sikulia, akaja pia. Nimejaribu zote mbili."

Kilio kikakatika. Akamuuliza, "Kweli?"

"Kweli. Twende tukacheze."