Mjadala: Kanuni za ujenzi zikubali tofali la udongo na saruji kwa nyumba nafuu?

Mtoa mada: Baadhi ya kanuni zinatambua bloku za saruji na tofali la kuchoma pekee. Je, tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine, lenye saruji kidogo, nalo liruhusiwe? Karibuni, ila tujadili kwa vipimo.

Mwashi: Liruhusiwe, tena mapema. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 lina uzito wa kilo 8 na nusu hivi. Ukiweka saruji asilimia 6, mfuko wa kilo 50 unatoa matofali kama 100. Halili kuni, na udongo unaweza kupatikana kiwanjani hapohapo, chini ya tabaka lenye mizizi.

Mkaguzi: Udongo gani, fundi? Ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka haufai. Halafu kuna wanaochanganya mfuko mzima asubuhi wakafyatua mpaka adhuhuri. Saruji imeshaanza kushika, unaivunja upya kwa mashine. Tofali linatoka limenyooka, lakini likikauka kona zinamung'unyika kwa kidole.

Mwashi: Ndiyo maana unachanganya kidogo kidogo, kiasi cha kuisha ndani ya nusu saa. Udongo nao unapimwa kabla: jaza tope kwenye kisanduku cha urefu wa sentimita 60, upana na kina 4, likauke. Likinywea milimita 15 hadi 30, weka ndoo 1 ya saruji kwa 16 za udongo. Maji nayo: finyanga donge, liangushe toka usawa wa bega kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, fyatua. Likibaki bonge, maji yamezidi.

Mkaguzi: Na kumwagilia? Hapo ndipo watu wanapookoa hela wakapoteza nyumba. Siku 7 za mwanzo tofali lifunikwe nailoni libaki na unyevu, na lisijengewe kabla ya siku 28.

Msanifu: Wakuu, mnabishania ukuta, na kwenye joto paa ndilo linalopika watu. Bati bila dari litaharibu nyumba ya tofali lolote. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, matundu ya hewa yawe juu karibu na dari, paa litokeze sentimita 60 ili mvua isipige ukuta. Safu za chini za ukuta, angalau sentimita 30 kwenda juu, ziwe za mawe au zege, maana matone yanayoruka toka ardhini hula udongo haraka kuliko mvua yenyewe. Na msiupige ukuta huo lipu kali yenye saruji nyingi, itabanduka mapande mapande.

Mkaguzi: Basi kanuni isitaje jina la tofali. Itaje nguvu ya tofali likiwa limeloweshwa saa 24, na kila shehena itoe sampuli. Hapo nakubali.

Mwashi: Sampuli sawa. Lakini mwenye chumba kimoja na sebule atamlipa nani wa kuzipima?