Naomba ushauri: Ledger Nano X au Trezor Safe 3?

Wakuu, habari zenu. Nina Bitcoin na Ethereum kidogo, nataka funguo zake (namba za siri zinazoruhusu kuzitumia) nizishike mwenyewe. Nimebaki nachagua kati ya pochi mbili, yaani vifaa vidogo vya kutunzia funguo hizo. Ledger Nano X ina Bluetooth, nami karibu kila kitu nafanya kwa simu. Ila tangu 2023 walipotangaza Ledger Recover, huduma ya kuhifadhi nakala ya ufunguo kwa kampuni nyingine, roho inasita, hata kama ni hiari. Trezor Safe 3 msimbo wa programu yake yeyote anaweza kuukagua, lakini inataka waya. Nimesoma maelezo ya pande zote. Kila mmoja anavutia kwake.

Mliotumia Trezor kwa waya kwenye Android, inasumbua? Na maneno ya kurejesha pochi, mnaandika kwenye karatasi au mnachonga kwenye bamba la chuma?