Lori likilala Kitonga: barabara ifunguliwe kwanza, au mzigo uokolewe kwanza?

Mleta mada
Wakuu, Mlima Kitonga mkoani Iringa hauna njia ya mchepuko. Semitrela ikilala konani, mizigo ya Zambia na Kongo inasimama, mabasi nayo yanasimama. Hoja yangu: trafiki akishapiga picha na kuchora mchoro wa ajali, lori livutwe pembeni papo hapo. Magunia yashushwe baadaye. Abiria wakae juani bila maji kwa sababu ya mzigo wa mtu mmoja? Si haki.

Fundi Bredauni
Naunga mkono, ila kuvuta si kufunga mnyororo na kukanyaga mafuta. Bomba la upepo likikatika, springi za ndani ya busta (kopo la breki kwenye gurudumu) zinabana breki. Ukilazimisha, matairi yanaburuzwa na lami inachanika. Weka vigingi kwenye matairi kwanza. Kisha unganisha upepo kutoka kwenye bredauni, yaani gari la kuvutia, au kaza bolti ya nyuma ya kila busta mpaka springi irudi. Chomoa propela shafti (chuma kinachopeleka nguvu ya giaboksi kwenye magurudumu), la sivyo giaboksi itazunguka bila oili kupanda, iungue. Lori lenye mzigo kamili kisheria hufika hadi tani 56, kwa hiyo tenganisha kichwa na tela, uvute kimoja kimoja.

Jicho la Foleni
Bredauni yenyewe inafikaje? Kinachoifunga Kitonga ni kutanua. Kagari kamoja kakichomoka kwenye foleni, kumi yanakafuata, na njia zote mbili zinajaa hadi kwenye ajali. Magari yazuiwe mapema: Ruaha Mbuyuni kwa wanaopanda, Ilula kwa wanaoshuka. Upande mmoja ukibaki wazi, yaruhusiwe kwa mafungu ya magari 30 hivi. La mwisho libebe bendera, wa upande wa pili wajue fungu limekwisha. Malori yenye mzigo yasisimamishwe mlimani: kuondoka pale kunaunguza klachi, na mnapata lori la pili.

Tahadhari Tenki
Kwa tenki la petroli napinga kabisa. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikuwa wakichota mafuta ya tenki lililopinduka. Moto ukaua zaidi ya 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unateremka na mtaro hadi kwenye jiko la mama lishe. Watu wasogezwe angalau meta 300, povu limwagwe, waya wa ethi (wa kupeleka umeme tuli ardhini) ufungwe, mafuta yahamishiwe tenki jingine kwa pampu isiyotoa cheche. Ndipo liinuliwe. Likiburuzwa limejaa, bati likikwaruza lami ni cheche.

Mleta mada
Kwa tenki nimekubali, mkuu. Kwa saruji, mahindi na shaba sibadiliki: polisi walinde, mwenye mali ahesabu pembeni.

Fundi Bredauni
Sawa. Na kabla ya kuruhusu magari, mawe ya vigingi na matawi ya tahadhari yaondolewe yote. Jiwe moja likibaki konani usiku, pikipiki italigonga.