Gemu ziko kwenye SSD lakini zinachelewa kufunguka. HDD ya pili inahusika?

Kijana_Himbi, Goma
Wakubwa, naomba msaada. Kompyuta ya mezani, Windows 10 na gemu zote ziko kwenye SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 480. Ndani kuna pia HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ya TB 1, ya filamu tu (D:). Nikifungua gemu yoyote, kioo kinabaki cheusi sekunde kama kumi, kisha mambo yanakwenda mbio. Nikiifunga na kuifungua tena, haichelewi. SSD inakufa?

Fundi_Birere
Dogo, mara ya pili si ushahidi, maana RAM (kumbukumbu ya muda) huwa tayari imeshika mafaili. Weka sikio kwenye kasha unapofungua gemu. Ukisikia mvumo unapanda taratibu, hiyo ni HDD inaamka. Windows huilaza isipoguswa kwa dakika 20. Gemu nyingi, au programu inayozifungua, huuliza diski zote zilizopo, na Windows inasubiri sahani zifike mwendo wake.

Kupima: cheza kwanza filamu yoyote iliyo kwenye D:, kisha fungua gemu hapohapo. Ikiingia haraka, umempata mchawi. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika amri hii, 0 maana yake HDD isilale kamwe:

powercfg /change disk-timeout-ac 0

Kwenye Windows ya Kifaransa ni "Options d'alimentation", halafu "Arrêter le disque dur après", weka 0. HDD ya nje ya USB mara nyingi haisikii amri hii, inalala kwa programu yake yenyewe. Hiyo ichomoe tu.

Mama_Kompyuta, Bukavu
Kwa HDD ya filamu tu, kwa nini izunguke mchana kutwa? Ingia diskmgmt.msc (kisimamizi cha diski cha Windows), bonyeza kulia pale palipoandikwa "Disque 1" (hakikisha ni ile ya TB 1!), chagua "Hors connexion". Filamu zinabaki salama, gemu haiioni. Ukitaka filamu, irudishe "En ligne". Usiguse "Formater".

Fundi_Birere
Hiyo nayo njia, mama, ila kila jioni kuirudisha inachosha. Kijana, kabla ya yote pitisha CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Tazama mstari wa C5, safu ya mwisho ya thamani ghafi: ikizidi 0, kuna sehemu HDD inashindwa kuzisoma, na kila jaribio linakula sekunde. Hapo nakili filamu mara moja, mipangilio haitaponya. C7 (hesabu ya makosa ya kupitisha data) ikipanda, shuku kwanza waya wa SATA, ule unaounganisha diski na ubao mama. Badilisha waya kabla ya kununua diski.

Kijana_Himbi, Goma
Asante sana. Nimecheza filamu kwanza, gemu imeingia papo hapo. Nimeandika ile amri. C5 ni 0, ila C7 inaonyesha D4!

Mama_Kompyuta, Bukavu
Hiyo programu huandika kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo D4 ni 212. C7 haishuki hata ukibadilisha waya. Iandike pembeni, uangalie tena wiki ijayo. Ikibaki D4, ni makosa ya zamani.